Je, Wajua? Jawabu Moja kwa Kila Siri
Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kwa mujibu wa Kanuni ya 49 ya mwenendo wa madai, iliyopo tangu 1938, jaji aweza kuitaka juri, badala ya kutamka tu nani kashinda, iandike jawabu la peke yake kwa kila suali, mathalani: je, siri ya biashara ilikuwapo, ilitwaliwa kwa dhulma, na hasara yake ni kadiri gani? Huo, kwa rai yangu, ndio uadilifu hasa. Kwani mwaka 2018, katika daawa ya kampuni za TAOS na Renesas iliyoanzia Texas, mahakama ya rufaa ilitangua fidia ya dola zipatazo milioni 48.8, kwa kuwa siri zilizodaiwa zilikuwa kadhaa, iliyothibiti ni moja, nayo juri ilitaja jumla isiyogawanyika.