Unapiga skate mjini? Vaa hivi kwanza, lami haina huruma

Ukipita Barabara ya Msimbazi kuelekea kituo cha mwendokasi Gerezani, huenda umewahi kuwaona: vijana wenye viatu vya matairi wakikatiza katikati ya magari, wengine wameshika nyuma ya daladala ili wavutwe. Mchezo ni mtamu, lakini wengi kichwani hawana kitu.

Hivi ndivyo vifaa vinavyohitajika na kazi ya kila kimoja.

1. Helmeti
Kichwa kikigonga lami, ubongo nao hugonga fuvu kwa ndani. Povu gumu la ndani ya helmeti hubonyea na kupunguza nguvu ya kishindo. Povu hilo likishabonyea halirudi, hivyo helmeti iliyokula kishindo kikubwa haifai tena hata kama nje inang'aa. Ndiyo maana ya mtumba ni ya kuogopa, hujui imepitia nini.

Ivae ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni uufunge. Usipoufunga, helmeti itaruka kabla hujafika chini.

2. Kinga ya viganja
Mtu akianguka hutanguliza mikono bila kufikiri. Kwa wanaoteleza, mfupa wa kifundo cha mkono ndio huvunjika mara nyingi. Kinga yenye kipande kigumu husaidia kiganja kiteleze badala ya kupinda.

3. Pedi za magoti na viwiko
Hizi hukuepusha na michubuko mikubwa. Pia ukijua goti limekingwa, unaweza kuangukia goti kwa makusudi badala ya kuangukia mgongo.

Wakali wa dunia nao huvaa. Mwaka 2020 Sky Brown wa Uingereza, akiwa na miaka 11, alianguka vibaya mazoezini Marekani. Alivunjika fuvu na mkono, lakini alikuwa amevaa helmeti, na baba yake alisema ilichangia kuokoa maisha yake. Mwaka 2021 alitwaa medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo.

Hata hivyo, hakuna helmeti itakayokusaidia ukiingia chini ya tairi la basi. Kudandia magari acha kabisa. Tafuta uwanja wa wazi, na kama pesa haitoshi kununua vyote, anza na helmeti. Goti hupona, ubongo hauna spea, hata Gerezani hauuzwi.