Je, Wajua? Trilioni 4 Ndani ya Kifaru Mmoja

Kifaru mweusi anayekula majani vichakani katika hifadhi ya Solio, jirani na Mweiga, ana kromosomu 84 katika seli za mwili wake. Binadamu ana 46 tu.

Mbegu yake ya uzazi hubeba nusu: 42. Ili kupata nusu hiyo, seli hunakili kromosomu mara moja, kisha hugawanyika mara mbili. Huo ndio mgawanyo wa meiosisi.

Kila jozi ya kromosomu, moja ya baba na moja ya mama, hutengana kivyake, bila kufuata jozi nyingine. Hivyo dume mmoja aweza kutoa michanganyiko zaidi ya trilioni 4! Tena, kabla ya kutengana, kromosomu za baba na za mama hubadilishana vipande. Hesabu halisi inapanda zaidi.

Na jike? Mayai yake huanza mgawanyo huo angali tumboni mwa mamake, kisha husimama kwa miaka hadi apevuke.