Vidonge vya soriasisi na hofu ya saratani

Mgonjwa wa soriasisi wa Akheri ambaye mafuta ya kupaka yamemshinda hushuka Tengeru na kupanda gari la Moshi. Huko, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Akirudi na vidonge vya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, nyumbani ataulizwa: hivi si ndivyo vinavyoleta saratani?

Swali hilo lina msingi. Kinga ndiyo huzitambua na kuziua seli zinazoanza kukua ovyo. Ikidhoofishwa, baadhi hupenya. Kwa mwenye soriasisi kinga hiyohiyo imepotoka: inaichochea ngozi kuzaa seli mpya kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima, ndipo magamba yanarundikana.

Ila dawa hizi hazilingani. Inayotiliwa shaka zaidi ni siklosporini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 1,252 wa soriasisi waliokuwa wakiitumia, kwa muda uliofika miaka 5; 47 walipata saratani, na karibu nusu zilikuwa za ngozi. Hatari ilizidi kwa walioitumia zaidi ya miaka 2. Ndiyo maana madaktari huitoa kwa muda mfupi. Tukumbuke pia kwamba ngozi nyeusi inakingwa vizuri zaidi na jua, hivyo hesabu za saratani ya ngozi kutoka kwa Wazungu hazituhusu moja kwa moja. Mwenye ualbino hana kinga hiyo.

Methotrekseti, iliyo nafuu kwa bei, hunywewa mara moja tu kwa wiki. Katika dozi hiyo ndogo hatari ya saratani ni ndogo. Limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, imewahi kuripotiwa, na kwa baadhi ilinywea dawa iliposimamishwa. Mimi naogopa zaidi kosa la kuimeza kila siku, ambalo limeua watu, na pombe inayoungana nayo kuliumiza ini. Mjamzito asiiguse kabisa.

Kabla ya kuanza, omba upimwe ini, VVU na kifua kikuu. Mwanamke apimwe na mlango wa kizazi. Ukiona kidonda kisichopona, hasa juu ya kovu la zamani la moto, au tezi zilizovimba, rudi kwa daktari. Na usiache dawa kimyakimya.