Sekunde Chache Zinavyozaa Foleni Ndefu

Kati ya bandari ya Dover, Uingereza, na pwani ya Ufaransa, bahari ina upana wa kilomita 33 hivi penye wembamba zaidi. Feri huvuka kwa muda wa saa moja na nusu. Hata hivyo, mwanzoni mwa Aprili 2023, karibu na Pasaka, baadhi ya abiria wa mabasi, wakiwamo wanafunzi, walisubiri bandarini zaidi ya saa 12. Je, muda huo ulipotelea wapi?

Kwa mujibu wa mkataba wa Le Touquet wa mwaka 2003, askari wa Ufaransa hukagua pasipoti palepale Dover, kabla ya abiria kupanda feri. Hadi mwisho wa 2020 Mwingereza alionyesha pasipoti yake akapita. Kuanzia 2021, baada ya nchi yake kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ilibidi achunguzwe kama hajazidisha siku 90 katika kila siku 180, na pasipoti ikagongwa muhuri. Kazi hiyo ilichukua sekunde chache tu.

Siri ya sekunde hizo hufafanuliwa na nadharia ya foleni, iliyoasisiwa na Agner Krarup Erlang wa Denmark, ambaye mwaka 1909 alichapisha uchunguzi wake juu ya miito ya simu. Tuchukue mfano wa kibanda kinachofikiwa na magari 50 kwa saa, yakija bila mpango, mengine yakikaguliwa upesi na mengine polepole. Ikiwa ukaguzi huchukua wastani wa sekunde 60, gari hutumia dakika 6 tangu kufika hadi kuondoka. Zikiongezwa sekunde 9 tu, muda huo hupanda hadi dakika 28 hivi! Zikiongezwa 15, kibanda hakimudu zaidi ya magari 48 kwa saa, na foleni hurefuka bila kikomo.

Sababu ni kwamba dakika ambayo kibanda kilikaa bure haiwekwi akiba. Kundi likija kwa mpigo, haiwezi kurudishwa.

Dawa ni kuongeza vibanda au kutawanya nyakati za kufika. Lakini Dover imebanwa kati ya majabali na bahari. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza, kwa awamu, kuchukua alama za vidole na picha za uso za wageni. Kwa hiyo swali la Erlang lingalipo: si usalama au upesi, bali ni nafasi kiasi gani ya ziada iachwe ili vyote viwili viwezekane.