Bima ya Gari kwa Kijana Anayejifunza Kuendesha: Kinacholipiwa na Kinachobaki Shingoni

 

Kila skuli zinapofungwa, swali hili hutufikia kutoka kwa wazazi wa Unguja na Pemba kwa sura mbalimbali. Kijana, wa kiume au wa kike, ametimiza miaka 18 na anataka kujifunza gari. Gari iliyopo nyumbani ni moja, ya baba, na ndiyo hiyo hiyo inayopeleka watoto skuli na kuleta mazao ya shamba. Je, kijana akatiwe bima yake mwenyewe? Bei yake itakuwaje? Na bima yenyewe, kwa hukumu ya dini, inajuzu?

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapoogopa bila ya sababu. Kwetu sisi bima inafuata gari, haimfuati mtu. Unapokata bima unaikatia gari yenye namba fulani, kisha karatasi ya bima inaeleza nani anaruhusiwa kuiendesha: kwa kawaida ni mwenye gari au yeyote aliyepewa idhini naye, kwa sharti awe na leseni inayomruhusu. Kwa hiyo hakuna bima ya pembeni ya kumnunulia kijana. Hofu hii, tunavyoona, inatokana na jamaa zetu walioko Uingereza. Kule bei hupangwa kwa kumtazama dereva, na kijana wa miaka 17 au 18 hutozwa fedha nyingi kuliko baba yake. Ndiyo maana baadhi ya watu kule humuandika mzazi kuwa ndiye dereva mkuu ilhali gari ni ya kijana, na huo kwa sheria za kule ni udanganyifu, na kwa dini yetu ni ghishi. Huku haja hiyo haipo, basi tusiuingize udanganyifu ambao hata faida ya kidunia hauna.

Bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria na inayomlipa mtu mwingine utakayemdhuru, kwa gari ndogo ya binafsi ni shilingi 100,000 na ushei kwa mwaka. Bima kubwa, inayolipa pia gari yako mwenyewe, kwa kawaida huhesabiwa kwa thamani ya gari, na kiwango kinachozoeleka ni kama asilimia 3.5. Gari ya shilingi 12,000,000 itakuja kama shilingi 420,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa gari kuukuu ya kujifunzia, ambayo mlango wake tayari umebonyea, rai yetu ni kuwa bima ndogo inatosha. Fedha inayobaki ni bora imlipe mwalimu wa udereva. Gari za skuli za udereva zina bima zao, na makosa makubwa ya mwanzo yakifanyika humo, chini ya mtu aliyezoea kukanyaga breki ya upande wa pili, gari ya nyumbani inasalimika.

Tatizo letu visiwani si bei. Tatizo ni kuwa mtu amelipa, kisha gari inaendeshwa nje ya masharti, na siku ya ajali karatasi ile haimsaidii kitu.

Hili hutokea hivi. Kijana ana miaka 16. Baba anamwachia usukani njia za shamba kwa kuwa hakuna trafiki, au siku ya Idi anampa ufunguo azungushe wadogo zake. Hana leseni ya aina yoyote. Akimgonga mpanda baiskeli, kampuni ya bima ina haki ya kusema kuwa aliyekuwa akiendesha hakuruhusiwa. Hata pale inapolazimika kumlipa aliyeumia, inaweza kumgeukia mwenye gari airejeshe fedha yote. Hapo familia inauza kiwanja. Juu ya hayo kuna kosa la jinai la mzazi aliyempa gari asiye na leseni.

Kwa hiyo anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia kabla ya kukaa kwenye usukani, vibao vya L viwepo mbele na nyuma, na pembeni yake akae mtu mwenye leseni kamili ya aina ile ya gari. Si kaka yake aliyepata leseni wiki iliyopita na sasa anachezea simu. Kisha mzazi aende kwa kampuni au wakala na aulize waziwazi: mwanangu anajifunza kwa gari hii, leseni ya kujifunzia mnaikubali? Jibu aliombe kwa maandishi. Maneno ya wakala barazani, siku ya madai hayana shahidi.

Anayechukua bima kubwa ana jingine la kuuliza. Karibu kila bima kubwa ina kiasi ambacho mwenye gari hukibeba mwenyewe katika kila ajali, na kampuni inalipa kilichozidi hapo. Dereva akiwa na umri mdogo au leseni yake ikiwa mpya, kampuni nyingi huongeza kiasi hicho. Wapo wanaokuja kugundua hili wakiwa gereji, bampa likiwa chini. Muulize wakala: akiendesha kijana, mimi nitabeba kiasi gani? Ukishaijua namba hiyo, iweke akiba nyumbani kidogo kidogo. Na kama matengenezo madogo gharama yake haifiki kiasi hicho, hakuna haja ya kufungua madai. Kampuni nyingi humpunguzia ada ya mwaka unaofuata mteja wa bima kubwa ambaye hakudai.

Fomu ya maombi ijazwe kwa ukweli. Ikiuliza madereva ni nani, muandike kijana. Ikiuliza matumizi, usiandike "binafsi" kama kijana akishapata leseni atabeba abiria wa kulipa au wageni wa kutoka uwanja wa ndege. Hili limeenea sana kwetu na watu hawalihesabu kuwa ni uongo. Ni uongo, na gari iliyokatiwa bima ya binafsi ikipata ajali ikiwa na abiria wa kulipa, bima ile inaweza kukataliwa. Vilevile hakikisheni bima ni ya kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambao mtu huingiza namba ya gari akaona kama bima imesajiliwa na inaisha lini. Ni kazi ya dakika moja. Na bima haianzi mpaka ada ilipwe. Asiyekuwa na fedha asikope kwa riba ili alipe bima, bali gari ikae mpaka zipatikane.

Sasa hukumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Jeddah mwezi wa Disemba 1985 na kupitisha kuwa mkataba wa bima ya kibiashara, wenye ada maalumu kwa kampuni inayochukua faida, una gharari kubwa inayoharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Ikaelekeza badala yake kwenye bima ya ushirikiano, iliyosimama juu ya kujitolea na kusaidiana. Wapo maulamaa walioona vingine, lakini huu ndio uamuzi ambao taasisi nyingi za fiqhi zimeufuata.

Je, mzazi afanyeje na bima ndogo ambayo sheria inailazimisha? Anayelazimishwa na hana njia nyingine hana dhambi. Anakata kile kiasi kinacholazimishwa, na wala asijione mnyonge kila akiikata. Lakini bima kubwa hailazimishwi na sheria, basi udhuru wa kulazimishwa hauifikii. Anayeitaka atafute takaful.

Na takaful leo haiko mbali nasi. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa 1969, lina huduma ya takaful pembeni ya bima ya kawaida. Katika takaful mnachanga kwenye mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea. Anayepatwa na ajali analipwa kutoka mfuko huo, msimamizi anachukua ujira wake unaojulikana, fedha haziwekezwi kwenye riba, na kuna kamati ya masheikh inayosimamia. Kinachobaki mwisho wa mwaka ni mali ya wachangiaji, nacho hugawanywa kwa utaratibu uliokubaliwa. Ulizeni bei zote mbili kabla ya kuamua. Ikiwa takaful inapatikana hata kwa bima ndogo, na tofauti ya bei ni ndogo, basi ile hoja ya kuwa hatuna njia nyingine inadhoofika. Tunasema hivi tukijua kuwa kwa familia yenye mshahara mmoja hata shilingi 20,000 ni fedha.

Limebaki ambalo wazazi hawatuulizi, nalo ndilo zito zaidi. Bima hulipa fedha tu. Akifariki mtu kwa kosa la dereva bila ya kukusudia, Qur-aan katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 92, imetaja mambo mawili: diya kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara. Diya ya kuua kwa kukosea, katika fiqhi, hubebwa na 'aaqila, jamaa wa upande wa baba wa aliyekosea, kwa muda wa miaka mitatu. Wanavyuoni waliotetea takaful walikuta mfano wake hapo: watu kugawana mzigo wa mmoja wao. Kinacholipwa na mfuko, warithi wakikubaliana nacho, kinaweza kuhesabiwa katika diya.

Kafara haina mfuko. Ni kumwacha huru mtumwa, na kwa kuwa hayupo leo, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Anafunga aliyeua mwenyewe, hafungiwi na baba wala kampuni. Katika madhehebu ya Imamu Shaafi'iy, ambayo ndiyo yetu visiwani, hata asiyebaleghe kafara inamlazimu. Kwa hiyo yule wa miaka 16 aliyepewa ufunguo siku ya Idi hajasalimika kwa udogo wake, na mzazi aliyempa anajua kuwa hakuwa amejifunza.

Tunashauri mzazi amweleze mwanawe habari hii ya kafara kabla ya somo la kwanza, kwa upole lakini bila ya kuficha, hapo hapo anapomuonesha breki iko wapi.

Na Allaah Ndiye Mjuzi zaidi.