Deni la Simu Lilipomfikia Shangazi
Nilikopa elfu tatu kwa simu nilipie chumba, kisha nikakopa kwingine kulipa ile ya kwanza. Kufikia Mei nilidaiwa na wakopeshaji wanne, na mmoja akamtumia shangazi ujumbe eti mimi ni mwizi.

Komredi, hilo haliruhusiwi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuchukua namba zilizo kwenye simu yako na kuwatumia watu ujumbe kuhusu deni lako, au kukutukana. Malalamishi pia hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Lakini deni lenyewe halifutiki.

Niliacha kukopa ili kulipa. Hapo ndipo nilikuwa nazama. Nikawaandikia wote: naweza mia tano kwa mwezi. Watatu walikubali. Wa nne bado anapiga. Namjibu kwa maandishi tu, na kila ujumbe nauhifadhi.