Kulanti: Gharama Ndogo Inayolinda Mzigo

Gari lenye mzigo wa mchele au kakao likitoka Kyela, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, hupanda hadi Tukuyu, takriban mita 1,500. Katika mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta hubana mvuke na kukipandisha kiwango hicho; ukilegea, gari huchemsha mlimani.

Kwa kuwa huku magari hayagandi kwa baridi, wengi huona kulanti ni ya Ulaya. Sivyo. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi, huchelewa kuchemka na huzuia kutu. Maji ya mtoni huweza kuacha magamba yanayoziba rejeta.

Wenye magari wanashauriwa kufuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi pekee si kipimo, na aina tofauti zisichanganywe. Kulanti za zamani hubadilishwa kila miaka 2 hivi. Nyingi za kisasa hufika 5. Kiwango kikaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi.

Gasketi ya silinda hedi ikiungua, hasara si malipo ya fundi tu: gari husimama, na mzigo huchelewa soko.